Nyumba ya Kwanza Siku ya Idi

Sikukuu zetu za mwezi mwandamo hazina makao katika majira. Kwa kuwa mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11, Idi hurudi nyuma mwaka hata mwaka, ikatoka katika kaskazi ikaingia vuli, ikapita demani na kipupwe, ikafikia masika, mpaka, baada ya miaka kama 33, ikarejea pale pale ilipoanzia safari. Idi el Fitri ya mwaka 1960 iliangukia mwezi wa Machi; ya mwaka 1993 ikaangukia Machi; na ya mwaka 2026 nayo vivyo hivyo. Mtu aliyekuwa kigoli katika ile ya kwanza, akatiwa hina na kuvishwa gauni jipya, hivi leo anakaribia umri wa miaka 80, naye amekwisha kuiona sikukuu ikizunguka majira yote mara mbili: ameijua Idi ya matope na Idi ya vumbi, Idi ya maembe na Idi ya machungwa, Idi ambayo unga huumuka upesi kwa joto na Idi ambayo bakuli la unga halina budi kufunikwa usiku kucha, na katika ukoo mzima hakuna kalenda iliyo sahihi kuliko kumbukumbu zake.

Naanza kwa hesabu hiyo kwa sababu watu wa hirimu yangu, wakutanapo barazani, au wabananapo katika boti ya kuvukia Unguja katika kumi la mwisho la Ramadhani, hawakosi kulia kilio kimoja: kwamba Idi ya leo si Idi, kwamba mikate imekuwa ya kununua, mizinga haisikiki, watoto hawana adabu, na ladha ya pilau imekwenda na waliokuwa wakiipika. Maneno hayo husemwa kwa huzuni ya kweli, lakini aghalabu msemaji ni mtu ambaye bibi au babu yake angali hai, tena hayuko mbali, naye hajavuka kizingiti chake tangu Idi ya mwaka uliopita. Mimi nimekaa sana na wazee katika siku za sikukuu, na nililolibaini ni kinyume cha nilivyotarajia: wao, tunaowadhania kuwa walinzi wa kila kilicho kikongwe, hawaombolezi yale tunayoyaombolezea sisi. Wana mambo machache sana wasiyokubali yaguswe, na mengine yote wameyaacha yaende zake, mengi wakiyasukuma kwa mikono yao wenyewe. Mwenye kutaka kuyajua hayo machache hana njia ila aende akakae nao.

Bibi yangu mzaa mama yu Unguja, katika nyumba ya Ng'ambo, kuvuka barabara ambayo zamani ilikuwa hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya wavuvi, wachukuzi na mafundi, na ambalo daraja lake limeacha jina katika Darajani ya leo. Mgeni ashukaye bandari ya Malindi siku mbili tatu kabla ya Idi hana haja ya kuuliza njia, kwani msongamano wa watu humchukua wenyewe mpaka penye soko kuu lililofunguliwa mwaka 1904, na huko huuona mji mzima umejitokeza kununua: akina mama wakipapasa vitambaa na kujifanya hawavitaki mpaka bei ishuke, akina baba wakiwajaribisha watoto viatu juu ya magoti yao, vijana wakibadilishana kofia za kushonwa kwa mkono, na wauza udi, iliki, tambi na zabibu wakiita kwa sauti zilizokwisha kukauka kwa saumu. Mimi kwa desturi hununua doti ya kanga, na huichagua kwa muda mrefu kwa ajili ya jina lake, maana bibi havai kanga kabla ya kulisoma jina na kulitolea hukumu, na ipo moja ambayo, pamoja na uzuri wote wa rangi zake, aliirudisha dukani kwa kuwa, alisema, mwaka ule hakuwa na ugomvi na jirani yeyote.

Nyumbani, kazi ya kwanza si ya jikoni. Kabla ya tambi kukaangwa na kabla ya nguo kupigwa pasi, gunia la mchele hutolewa uani, mkeka ukatandikwa, na bibi akaketi juu ya kigoda chake, kibaba cha bati mkononi, kupima fitri. Kila kichwa cha nyumba ile kina pishi yake, nayo pishi ni vibaba vinne, au, kwa mizani ya dukani, kilo mbili na nusu na zaidi kidogo. Na kipimo hakibagui, kwani kitoto cha juzi, kisichojua chakula ila maziwa ya mama yake, nacho hupimiwa sawa na mwanamume mzima. Wako siku hizi wanaotoa thamani ya mchele kwa fedha, na wanavyuoni wana maneno yao juu ya hilo, naye bibi hagombani na mtu. Analolishikilia ni jingine: kwamba mchele upelekwe na watoto wenyewe, kwa miguu, katika nyumba anazozitaja kwa majina ya wenyewe, na kwamba mtoto asiwe mtu wa kuweka mlangoni na kukimbia, bali abishe hodi, aamkie, aulize hali, apokee dua, ndipo arudi. Mtoto wa miaka sita aliyetumwa hivyo kwa Idi mbili tatu huwa amekwisha kujua ni nani mtaani ana mgonjwa, ni nani mjane, ni nani hana wa kumtuma dukani. Na ameyajua hayo kabla ya kuvaa nguo mpya.

Mkono wa bibi siku hizi hutetemeka, na kila kibaba kimwagwapo punje kadhaa huangukia mkekani. Mjukuu mmoja, kwa huruma, alinyosha mkono wake akitaka kukipokea kipimo amwondolee taabu. Mamkubwa akamtazama kwa jicho ambalo watoto wa ukoo wetu wanalifahamu, naye akaurudisha. Punje zilizomwagika huokotwa baadaye, na hakuna asemaye neno. Tumo katika zama za kuwahurumia wazee kwa kuwapokonya kazi zao, tukidhani kwamba heshima ni kumkalisha mtu kitini na kumletea kila kitu, hata akawa mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe; ilhali anachokitamani aghalabu ni kubaki mwenyeji.

Usiku wa kuamkia Idi, tangazo la mwezi likisha kusomwa redioni na takbira zikianza kusikika misikitini, nyumba huwa haina wa kulala. Mamkubwa hushika tambi, akazikaanga mpaka zikageuka rangi kabla ya kuzitia tui, sukari na iliki. Mama mdogo hukata vileja. Wakaza wana hushindana kwa visheti, kila mmoja akisifu vya mwenziwe kwa ulimi na vyake kwa macho. Na wanaume, ambao jikoni hawana mahali, hupewa nazi na mbuzi wakakune, ili wasikae bure wakajaza ukumbi maneno. Bibi hupita na bakora yake, akaonja huku na huku, akasema "imekolea" au akanyamaza, na kunyamaza kwake kunatosha kumrudisha mtu kwenye chungu.

Asubuhi ina sunna zake. Mtu hula kitu, aghalabu tende kwa idadi ya witri, kabla ya kwenda kusali Idi el Fitri, kinyume cha Idi el Haji ambapo huchelewesha kula mpaka baada ya sala. Huoga, hujitia manukato, huvaa kilicho kizuri katika nguo zake. Na huenda kwa njia moja akarejea kwa nyingine, kama alivyokuwa akifanya Mtume, rehema na amani zimshukie. Wanavyuoni wameitolea sunna hii ya njia mbili sababu nyingi. Katika vichochoro vya Ng'ambo moja ya faida zake huonekana kwa macho, kwani aliyekwenda kwa kupitia Vikokotoni akarejea kwa kupitia Mwembetanga amepeana mikono na watu ambao, lau angalifuata njia yake ya kila siku, asingaliwaona mpaka mazikoni.

Lakini salamu za njiani si ziara. Ziara ina utaratibu, na utaratibu huo umo katika yale machache yasiyoguswa: nyumba ya kwanza siku ya Idi ni ya aliye mkubwa kwa umri katika ukoo, na hakuna mtu, awe mwenye cheo au awe mchukuzi, anayekaa kitako kupokea mkono wa Idi kwake kabla hajautoa kwa mkubwa wake. Miaka ya nyuma, dada yake bibi alipokuwa hai katika mtaa wa Kikwajuni, bibi mwenyewe, ambaye wakati huo alikwisha kuwa na vitukuu, alikuwa akijifunga buibui lake asubuhi ile, akaongozwa polepole mpaka huko, akamshika mkono dada yake na kumwomba radhi, ndipo akarejea kuja kupokea wa kwake. Nasi tuliotangulia tulikaa ukumbini tukimngoja, sinia la tambi mbele yetu limefunikwa kawa, na hakuna aliyediriki kulifunua. Nikiwa mtoto nililiona jambo hilo kuwa ni adhabu. Leo naliona kuwa ndilo fundisho kubwa kuliko yote aliyotufunza, kwa sababu hakulisema: alitaka tumwone mkubwa wetu akiwa mdogo mbele ya mkubwa wake.

Tangu dada yake alipofariki, bibi hana tena pa kwenda. Huketi juu ya kitanda cha samadari, doti yake mpya mabegani, kikuba cha asumini kifuani, chetezo cha udi kikifuka sakafuni, na viatu vya jamaa hujaa mlangoni hata mtu akashindwa kupata pa kuweka vyake. Huingia watoto wake kwanza kwa mpango wa kuzaliwa, kisha wakwe, kisha wajukuu, kisha vitukuu. Kila mmoja huinama, humbusu mkono, husema shikamoo na kumpa heri ya Idi, naye humjibu marahaba na kumshika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika, akimtazama usoni kama amekonda. Watoto wadogo, ambao wamekuja kwa ajili ya fedha na hawafichi, hawapati mkono wao wa Idi kabla ya kuulizwa swali ambalo nami niliulizwa, na mama yangu aliulizwa kabla yangu: "Wewe ni nani?"

Jawabu haliwi jina moja. Mtoto hutakiwa ajitaje, amtaje baba yake, amtaje babu yake, apande hivyo mpaka ulimi ugonge mwamba; afikaye babu wa nne hupewa noti mbili, na anayekwama kwa wa kwanza hupewa moja, kisha hurudishwa kwa baba yake akafundishwe, na baba naye hutazamwa. Akimaliza upande wa kuumeni, bibi humgeuzia swali upande wa kukeni, "na mama yake ni nani, na mama wa huyo ni nani?", na hapo hata watu wazima huanza kutazama dari, kwa maana nasaba za wanawake hazikuandikwa popote ila katika vichwa vya wanawake. Zamani, asimulia bibi, tuzo lilikuwa senti kumi zile zenye tundu katikati, ambazo watoto walizitunga uzini wakaenda nazo Mnazi Mmoja. Sasa ni noti, na pembea za Kariakoo ya Unguja hazikubali pungufu yake. Bei ya jawabu imepanda, swali limebaki lile lile, na katika siku nne ambazo sikukuu huchukua mjini Unguja, utawasikia watoto wetu huko viwanjani wakiulizana wao kwa wao.

Adhuhuri huja pilau, na hapa pana jambo jingine lisiloguswa. Kabla ya mtu yeyote wa nyumba ile kunawa mikono, sahani za majirani huwa zimekwisha kutoka, kila moja na kawa lake, na mpelekaji huambiwa jina la mpelekewa hata kama nyumba zinatazamana; majirani hao si wa dini yetu wote, na yumo mama mmoja kutoka bara ambaye siku ya Krismasi hutuletea kuku wa kukaanga na wali wa nazi, kwa kuwa sahani mtaani petu hairudi tupu. Mwaka ambao mchele ulikuwa ghali, mama mdogo alishauri kwamba sahani za majirani zipunguzwe na ukoo ule kwanza. Bibi hakumkatalia kwa maneno makali. Aliagiza tu kwamba sahani zitoke zote kama kawaida, na chungu cha nyumbani ndicho kilichopungua, tukala kidogo, tukajazia kwa ndizi.

Basi pishi iliyopelekwa kwa miguu, mkono uliotolewa kwa mkubwa kwanza, nasaba iliyotamkwa kwa ulimi wa mtoto, na sahani iliyotangulia kutoka kabla ya wenyewe kula: hayo ndiyo ambayo sijamwona bibi akiyalegeza. Kwa yaliyosalia ni mtu mwepesi kuliko wajukuu zake. Nilimwuliza siku moja kama hahuzuniki kwa mkate wa kumimina, ule wa makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ambao sasa hupelekwa kwa jirani mwenye jiko la umeme ukaokwe huko. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Huzuni ya nini, mwanangu? Wewe ulikuwa ukiula, mimi nilikuwa nikiupika. Mchele niuroweke, niutwange kinuni mpaka viganja vitoke malengelenge, kisha niinamie moto, moshi machoni na saumu tumboni, nikipuliza makaa ya juu yasizimike. Alipokuja mtu wa mashine ya kusaga, nilimwombea pepo."

Maneno hayo yamenifanya nivisome upya vitabu vyetu vya ada. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Waswahili, kitabu kilichotolewa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, na Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyeziandika ada za harusi za Unguja katika miaka ya 1950, walitufanyia ihsani isiyo na kifani, kwani lau si wao, mengi yangalipotea bila ya mtu kujua kwamba yalikuwako. Hata hivyo, asomaye leo huona mle mambo mengi yasiyofanywa tena, ambayo hakuna aliyeyapiga marufuku, wala hakuna aliyeitisha kikao cha kuyaaga, nasi hatukuacha kuwa watu wa pwani kwa kuyakosa. Ada iliyoandikwa hubaki kama ilivyokuwa siku wino ulipokauka. Ada iliyo mikononi mwa mzee hupunguzwa na kuongezwa, kwa sababu mwenyewe yu hai na anakumbuka iliwekwa kwa ajili gani. Ndiyo maana kumzuru mzee hakuna badala yake katika kusoma: kitabu kitakwambia lililokuwa likifanywa, lakini yeye atakwambia, ukimwuliza kwa adabu, lipi hata yeye hakulipenda.

Dalili kubwa ya uhuru huo niliiona katika suala la mwezi. Msomaji anajua kwamba wako Waislamu wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani, na wako wanaongoja uandame katika nchi yao, na kwamba baadhi ya miaka mji mmoja huwa na Idi siku mbili. Wajomba zangu wawili wamo kila mmoja katika kundi lake. Kwa miaka kadhaa huyu alikuja na kanzu yake mpya kutoa mkono wa Idi ilhali mwenziwe yumo katika saumu, wakakaa ukumbi mmoja wakitoleana hoja za matlai, yaani maandamo ya mwezi, na za vitabu, sauti zikapanda, watoto wakaduwaa, pilau ikaliwa na nusu ya watu huku nusu ikitazama. Waliotangulia walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini hawakusema kwamba mzee hulitengeneza neno kwa kuamua baina ya rai za wanavyuoni. Bibi aliwaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akasema: "Fungeni mnavyofunga na fungueni mnavyofungua, hayo ni baina yenu na Mola wenu. Mkono nitaupokea kwa kila mtu siku yake. Pilau ya wote tutakula Idi pili."

Kwa sentensi hiyo moja aliondoa jambo alilolikuta kwa mama yake, naye mama yake alilikuta kwa wakubwa zake, yaani pilau kubwa ya ukoo kupikwa siku ya Idi mosi. Siku ya pili kwa hesabu ya mjomba mmoja ni ya tatu kwa hesabu ya mwingine, na kwa kuwa sikukuu yetu ina siku nne, wote huwa wamo ndani ya Idi na hakuna anayekula akitazamwa. Sisi vijana, ambao hatukuwa tumepata kupika pilau hiyo hata mara moja, ndio tulionong'ona kwamba desturi imevunjwa.

Ukoo wetu, kama koo nyingi za Unguja, una matawi ng'ambo ya bahari: wako Maskati na Dubai, wako Uingereza, wengine waliondoka baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wengine walifuata riziki miaka ya karibuni. Simu zao huanza kuita mapema, na wa Maskati mara nyingine huwa wameshaila Idi yao jana. Bibi, ambaye hapo awali aliishika simu kama kitu cha kuazimwa, sasa hudai kuona nyuso, na vitukuu waliozaliwa London, wenye Kiswahili cha kuchechemea, nao huulizwa swali la ukumbini: "Wewe ni nani?" Mmoja wao alijibu kwa jina lake na jina la mtaa anaokaa, bibi akamwambia hiyo ni anwani, akamngoja. Mwaka uliofuata alipanda mpaka babu wa tatu bila ya kukwama, kwa kuwa mama yake alimwandikia majina hayo na kuyabandika mlangoni mwa jokofu.

Lakini simu hiyo hiyo imetuletea mtihani. Imekuwa rahisi kwa mtu aliyeko Dar es Salaam, ambako boti ya kasi humfikisha Unguja kwa muda wa saa mbili hivi, kumtumia mzee wake fedha za sikukuu kwa kubonyeza tarakimu, kisha akajiona ametoka katika dhima. Simlaumu atumaye, kwani dawa hununuliwa kwa fedha na mchele vilevile, na yuko ambaye nauli ya watoto wanne ingemmalizia mshahara. Ila nimeona bibi anavyozipokea fedha hizo: hushukuru, humwombea dua mtumaji, kisha humpa mjukuu aliye karibu akanunue sukari. Jioni, ahesabupo waliokuja, huwataja na wasiokuja, na kila mmoja humtolea udhuru yeye mwenyewe: huyu kazi zimemzidi, yule boti zilijaa, yule mtoto wake anaumwa. Hajawauliza wenyewe, nyudhuru hizo huzitunga, akaziweka mbele ya watu ili asisemwe vibaya mjukuu wake. Mtu ambaye mzee wake humzulia udhuru mwaka hata mwaka ana deni ambalo fedha hazilifikii.

Dini imehimiza kuunga udugu na kutahadharisha juu ya kuukata. Lakini kwa kuwa amri ni rahisi kuikubali na ngumu kuijulia namna, nitathubutu kusema machache juu ya namna. Anayemzuru mzee asije saa ya kuondoka ikiwa mkononi. Akae upande wa sikio lililo zima. Ale alichopewa, hata kama ameshiba, kwa sababu aliyekipika alikipika kwa kumkumbuka. Asimwombe mzee asimulie "zamani", maana neno hilo ni pana mno na mtu hujibu kwa maneno mapana; amwulize kitu: nani alikuwa akikaa nyumba ile ya kona, kanga ya arusi yake ilikuwa na jina gani, mwaka wa njaa walikula nini, yule aliyekatwa nusu katika picha ya ukutani ni nani. Picha hizo, ambazo nyumba nyingi za Unguja zinazo ukutani au kashani, nusu ya waliomo wanajulikana na mtu mmoja tu aliye hai, na kalamu ya kuyaandika majina yao nyuma ya karatasi haifiki bei ya kikombe cha kahawa.

Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi wa wasia ambao hata leo unasomwa. Wazee wetu wengi hawatatunga. Wasia wao hutoka kwa vipande, baina ya kikombe na kikombe, katikati ya habari za bei ya samaki na ndoa ya jirani, na humfikia aliyekuwepo, tena aliyekuwepo mara nyingi, kwa maana kipande cha Idi hii hakieleweki mpaka kiunganishwe na cha Idi iliyopita. Kwa sababu hiyo mwenye kufika mara moja kwa miaka kumi, akawa na kinasa sauti na maswali yaliyoandikwa, huondoka na hadithi nzuri. Lakini mtoto wa jirani, ambaye hupita kila Alhamisi kumchotea bibi maji, ndiye anayejua kwa nini sahani hutangulia kutoka.

Aliyekosa kufika Idi el Fitri hii hana haja ya kungoja mwaka uzunguke. Baina ya Mfungo Mosi mosi na Mfungo Tatu kumi, ambayo ndiyo Idi el Haji, kuna miezi miwili na siku tisa, muda unaotosha kuomba ruhusa kazini, kuweka akiba ya nauli, kukata tiketi kabla boti hazijajaa, na kuwafundisha watoto majina ya babu zao mpaka wa nne, pamoja na ya bibi zao. Na yule ambaye mkubwa wake yu mtaa wa pili hahitaji hata tiketi.